Sura ya Saba: Majike Hawahami

Mtaalamu wa maabara alikuwa mtu wa kuomba radhi kabla hajakosea. Alimwomba Inspekta radhi kwa baridi ya chumba, akamwomba radhi kwa kiti kilicholegea mguu, kisha akaomba radhi kwa harufu, ingawa harufu yenyewe haikuwapo. Kinyesi cha kima kikishakaa ndani ya spiriti hakinuki chochote ila spiriti.

Inspekta alimwambia ameshanusa mabaya zaidi, na kilichomleta ni jambo moja. Kuna mtu amekufa. Kuna mwingine yuko mahabusu, na Jumatatu anapelekwa mahakamani kusomewa shtaka la mauaji. Chupa hizi ndogo zilizojipanga kwenye jokofu zililetwa na huyo aliyekufa, na Inspekta alitaka kujua zina habari gani.

Marehemu alijulikana kwa jina la Fundi Kamba, na jina hilo lilimkaa. Barabara kuu ilikuwa imeukata msitu vipande viwili. Upande wa juu ulibaki msitu mkubwa, unaopanda mlima hadi kwenye mawingu. Upande wa chini kilibaki kipande ambacho mtu angeweza kukizunguka kwa miguu akarudi akaikuta chai yake bado vuguvugu. Kima waliobaki huko chini walitengana na wenzao, wakawa wanazaana ndugu kwa ndugu, hadi baadhi ya watoto wakaanza kuzaliwa na mikia iliyopinda. Ndipo mradi wa kuwahifadhi ukamwajiri Fundi Kamba. Alitundika daraja la kamba juu ya barabara, mti hadi mti, ili kima wavuke bila kukanyagwa na malori. Kazi yake nyingine ilikuwa kuokota kinyesi cha kima wa pande zote mbili na kukileta hapa kipimwe.

Asubuhi moja alikutwa chini ya mti wa upande wa msitu mdogo, shingo imevunjika. Daraja lilikuwa limekatwa. Mwilini mwake kulikuwa na alama ya pigo, ndefu, kutoka shavuni hadi ubavuni, na hospitali ikaandika kwamba alichapwa na kitu kama fimbo. Mkanda wake wa kupandia miti ulikuwa nyumbani kwake, unaning'inia kwenye msumari, kwa hiyo hakwenda pale kupanda. Hesabu ya kituoni ikawa nyepesi: alimfuma mtu akikata daraja, wakagombana, akapigwa. Na mtu wa kushukiwa hakutafutwa mbali. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alilima mahindi kando ya msitu mdogo, alitembea na fimbo, na kwa miaka alikuwa akimtangazia kila mwenye masikio kwamba ipo siku ataikata ile kamba pamoja na mikia ya wanaopita juu yake.

Wenzake Inspekta waliiona kesi imekwisha. Yeye kilichomnyima raha ni kimya cha yule mkulima. Hakukana, hakukiri, hakutaka wakili. Mtu aliyeua kwa kawaida huwa na maneno mengi.

"Nieleze tena kuhusu majibu ya mwisho," alisema.

Vijana wa kituoni walimbandika jina la Bi Rudia kwa sababu hiyo hiyo. Alijua, na hakujali.

Aliyejibu alikuwa mkuu wa mradi, mwanamke ambaye watu wote walimwita Daktari wa Kima, aliyekuwa amesimama dirishani amekumbatia mikono. Alieleza bila kuchoka. Zamani, vipimo vya DNA vya msitu mdogo vilitoka vinafanana kama familia iliyoshonewa kitambaa kimoja. Hilo ni jambo la hatari, kwa sababu kundi la namna hiyo likipata ugonjwa, unaomwangusha mmoja unawaangusha wote. Hakuna aliye tofauti wa kupona. Lakini vipimo vya tangu mvua zilipokatika vilikuwa vimechanganyika ajabu. Damu ya msitu mkubwa ilikuwa imeingia. Daraja lilikuwa limefanya kazi. Ila mtu aliyelijenga hakuwahi kulisherehekea.

Inspekta alimgeukia mtaalamu wa maabara, ambaye wakati wote huo alikuwa akifuta meza iliyokwisha kufutwa.

"Wewe umefurahi?"

"Samahani?"

"Daktari amefurahi. Nakuuliza wewe."

Mtaalamu alimtazama bosi wake, akaitazama meza. Kisha akawasha kompyuta na kuwaonyesha mistari miwili ya rangi, mmoja juu ya mwingine. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba sehemu kubwa ya vinasaba mtoto huipata kwa baba na mama. Lakini ipo sehemu ndogo ambayo hutoka kwa mama peke yake, mama kwa mama, bila baba kutia mkono. Kima wote wa msitu mdogo walikuwa na urithi mmoja wa mama, ambao katika msitu mkubwa haumo. Katika vipimo vipya urithi huo umetoweka. Mama wote ni wa msitu mkubwa.

"Nilirudia kupima," alisema. "Nikarudia tena. Nikadhani nimechanganya chupa mimi. Na Daktari alikuwa na furaha sana."

Daktari wa Kima aliiachia mikono yake. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Haiwezekani," alisema. "Majike hawahami. Kwa kima, anayehama ni dume. Akikomaa anaondoka, anatafuta kundi lingine. Jike anazaliwa, anazaa na anafia kwa mama yake."

"Kinyume na sisi," alisema Inspekta. "Mimi ndiye niliyebeba sanduku kwenda ukweni." Hakuna aliyecheka, naye hakutaka wacheke. "Kwa hiyo daraja lingeleta madume."

"Madume tu. Na watoto wa madume hao wangekuwa na mama wale wale wa zamani."

"Basi hiki kinyesi hakikuokotwa msitu mdogo."

Jokofu lilinguruma, likanyamaza. Daktari alivuta kile kiti chenye mguu uliolegea, akakaa juu yake kwa uangalifu, na kusema kwamba Fundi Kamba hakuwa mvivu. Mtu aliyepanda miti wakati wa mvua ili akaze fundo moja hawezi kushindwa kuvuka barabara kuokota kinyesi. Inspekta alikubali kwamba huo haukuwa uvivu.

Mtaalamu alikohoa. Akaomba radhi tena, akasema kuna kitu kingine. Kila Fundi Kamba alipoleta mzigo wake, chupa moja ilikuwa tofauti na nyingine zote. Hiyo moja ilikuwa na urithi wa zamani wa mama, wa msitu mdogo, na kila mara ilikuwa ya jike yule yule. Daktari alidhani labda ni mabaki ya zamani yaliyojichanganya. Inspekta hakudhani kitu. Aliomba tu chupa hiyo itengwe.

Swali lake la mwisho lilikuwa la kawaida: siku ya mwisho, marehemu na Daktari walizungumza nini?

"Kamera," alisema Daktari. "Nilimwambia kwa kuwa majibu ni mazuri, tunafunga kamera kwenye daraja, ile inayopiga picha yenyewe kila mnyama akipita. Nilitaka picha za kuionyesha kamati ya ardhi. Wanakaa hivi karibuni kuamua kama msitu mdogo ubaki au ukatwe viwanja."

"Akasemaje?"

"Akasema ni vizuri. Akaniuliza inafungwa lini. Nikamwambia kesho." Aliutazama mkono wake. "Akauliza kama inaona hata alfajiri."

Sajenti aliyekuwa akimwendesha Inspekta alikuwa mrefu hivi kwamba magoti yake yaligusa usukani, na alipenda kesi iishe mapema. Njiani alisema kwamba kima ni kima tu, awe wa huku au wa kule. Inspekta alimwambia ndugu zake wa ukweni nao huenda wanasema hivyo hivyo juu yake, na sajenti akaongeza mwendo hadi kwenye barabara kuu walipomkuta mtu wa zimamoto na ngazi yake.

Kipande cha daraja kilichobaki kilikuwa kinaning'inia kwenye mti wa upande wa juu. Inspekta aliomba kishushwe. Ilikuwa kamba nene, iliyosukwa kama ngazi iliyolala. Mgongoni ilikuwa imeota ukungu wa kijani, mwembamba, laini, bila mkwaruzo wala unyoya mmoja uliokwama. Alipitisha kidole, na kidole kikaacha alama. Ndiyo alama ya kwanza ambayo kamba ile iliipata kutoka kwa kiumbe hai tangu itundikwe.

"Hakuna aliyevuka," alisema sajenti, safari hii bila mzaha.

Ncha iliyokatwa ndiyo iliyomshughulisha Inspekta zaidi. Nusu yake ilikuwa nyororo, imepitiwa na kisu. Nusu nyingine ilikuwa imechanika, nyuzi zimetawanyika. Alimwita mtu wa zimamoto, ambaye maisha yake yote yalikuwa ya kamba na ngazi, akamwomba aisome. Yule mtu aliigeuza mara moja tu. Alisema imekatwa ikiwa imekaza. Kisu kilipofika nusu, kamba ilimalizia yenyewe.

"Kuna kosa gani hapo?"

"Hakuna fundi anayefanya hivyo, afande. Ile pale kwenye shina ni mashine ya kukazia. Unailegeza kwanza, kamba inalala, ndipo unakata. Ukikata ikiwa imekaza namna hii inaruka. Inakuchapa kama mjeledi. Inaweza kukutupa chini."

Inspekta alimwomba arudie, hasa pale pa kuchapa. Kisha akamwomba apande mti wa upande wa chini, hadi pale kamba ilipokuwa imefungwa, na atazame vizuri kwenye matawi.

Alipokuwa akipanda, Inspekta na sajenti walikwenda hadi kwenye shamba la mkulima aliyekuwa mahabusu. Lilianza pale msitu ulipoishia, hapakuwa hata na uzio kati yao. Mahindi yalikuwa yamekauka, yanangoja kuvunwa. Sajenti, mtoto wa wakulima, alitembea kwenye mstari wa pembeni, ule unaogusana na miti, akipapasa bua moja baada ya jingine. Alirudi amekunja uso. Alisema kwao mstari kama huo huwa hauna cha kuvunwa; kima huanza hapo. Hapa hapajaguswa. Na hata yale makopo ambayo watu huyatundika yagongane kuwafukuza, hayapo.

Kilichokuwapo ni jiwe pana, chini ya mti wa mwisho, lenye magunzi yaliyotafunwa. Sajenti alisema ni watoto. Inspekta aliinama akaokota gunzi moja, akaliweka kwenye mfuko.

Mtu wa zimamoto aliwaita. Alishuka na kisu alichokikuta kimeingia kwenye panda ya tawi, juu kabisa, kilipotua baada ya kumtoka mtu mkononi. Mpini wake ulikuwa umezungushiwa mpira wa tairi la baiskeli.

Mjane wa Fundi Kamba aliwapokea sebuleni, kwenye chumba kilichofagiliwa hadi kikakosa cha kufagia. Ukutani mkanda wa kupandia ulikuwa bado kwenye msumari wake. Aliwauliza kama wamekuja kumweleza lini kaka yake atahukumiwa. Inspekta alisema bado, akaweka kisu mezani.

Mama yule alikitambua kabla hakijalala sawasawa. Alieleza kwamba mumewe alikizungushia mpira huo mwenyewe, wa baiskeli yao iliyoibiwa ikabaki gurudumu moja. Akauliza kimepatikana wapi. Inspekta alimwambia: juu ya mti. Inspekta akamuuliza kama mumewe aliwahi kumweleza habari yoyote ya kima wa msitu mdogo, tangu mvua zilipokatika.

"Aliacha kuwazungumzia," alisema mjane. "Zamani tulikuwa tunakula nao, tunalala nao, maneno yake yote kima. Halafu akaacha. Nikadhani amepata mwanamke."

Inspekta alimuuliza kuhusu kaka yake. Alijibu hana kaka. Alisema wamezaliwa wawili tu, wamelelewa kwa jembe moja, na yule mtu alikaa kimya mbele yake alipomwendea mahabusu na kumuuliza swali moja tu, ulimuua au hukumuua. Alimtazama tu kama kipofu. Basi amemzika yeye pia, siku moja na mumewe.

Hakulia alipokuwa akisema hayo. Inspekta angependelea alie.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti viwili na dirisha lisilofunguka. Mkulima aliletwa akichechemea, bila fimbo yake, kwa kuwa fimbo ilikuwa kielelezo. Goti lake halikukunjika. Aliketi ameunyoosha mguu kando kama kitu cha kuazima. Inspekta aliweka mezani kisu, kisha kipande cha kamba, kisha gunzi la hindi. Yule mtu alivipita kisu na kamba kwa macho, macho yakasimama kwenye gunzi.

"Msitu mdogo hauna kima," alisema Inspekta.

"Nani amekwambia?"

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu akamatwe.

"Mahindi yako."

Mkulima alifumba macho. Inspekta akaendelea taratibu, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya nyumbani. Shemeji yako alikuwa anaokota kinyesi msitu mkubwa na kusema ni cha msitu mdogo. Siku ile aliambiwa kamera inakuja, na kamera ingeonyesha daraja tupu. Akaamka alfajiri kulikata yeye mwenyewe. Hakubeba mkanda, kwa sababu mtu akionekana barabarani na mkanda ule kila mmoja anajua Fundi Kamba anakwenda kupanda. Na hakulegeza kamba, kwa sababu kulegeza ni alama ya fundi. Alitaka ionekane imekatwa na mtu asiyejua kazi. Alijifanya mjinga wa kazi yake kwa mara ya kwanza maishani, na kamba haikumsamehe. Hakuna aliyempiga. Fimbo yako haina habari.

"Sasa nieleze ninachokosa. Walikwenda wapi?"

Mkulima alisema yote, bila kupumzika, akiitazama ile kamba.

Waliugua, alisema. Mvua zilipokatika kikaingia kikohozi. Alipokohoa mmoja walikohoa wote, siku hizo hizo, wakubwa kwa wadogo. Fundi Kamba alimwambia kwamba hata msitu mkubwa kikohozi kilipita, na huko waliumwa baadhi, wakafa wachache, wengine hata chafya hawakupiga. Huku chini walianguka kutoka mitini kama matunda. Wengine walikuja kufia kwenye mahindi yake. Yeye aliyewatukana miaka yote, alisema, aliwakuta wamelala kwenye mistari, mama na mtoto, hakuwa na moyo wa kuwatupa. Wakawazika, yeye na shemeji yake, pale pembeni mwa shamba. Fundi Kamba alilia kama amefiwa na watu.

Kisha akamwapisha. Kamati ikijua hakuna kima, msitu unakatwa. Na ndani ya msitu ule kuna chemchemi. Mashamba yote ya bondeni yanakunywa hapo. Wanyamaze mpaka kamati ikae. Wasimwambie mtu, hata mke.

"Mbona uliendelea kutangaza utakata kamba?"

"Ndivyo tulivyokubaliana. Ningenyamaza ghafla watu wangeuliza kulikoni. Alikuwa ananiambia, shemeji, leo hujatukana, tukana kidogo." Mdomo wake ulitaka kutabasamu, ukashindwa. "Nilipoambiwa daraja limekatwa naye yuko chini, nilielewa hapo hapo. Sasa nikisema, msitu unakwenda na jina lake linakwenda. Nikinyamaza, nakwenda mimi tu."

"Na dada yako?"

Hapo ndipo alipolia. Alilia vibaya, kama watu ambao hawajazoea, akijifuta kwa kiganja chote. Alisema dada yake alimuuliza swali ambalo jibu lake lilikuwa moja tu, na angelisema hilo moja angelazimika kusema yote. Inspekta alingoja. Alikuwa na huruma naye, na hakuificha. Alisukuma leso yake mezani hadi ikafika karibu na mkono wake.

Alipotulia, mkulima alisema ana ombi. Inspekta alidhani ataomba kuachiwa.

"Yuko mmoja alibaki," alisema. "Jike, mdogo mdogo, mkia umepinda kama wa mama yake. Sijui aliponaje. Tulikuwa tunamwekea mahindi jiweni, anakuja asubuhi. Tangu mnikamate hakuna wa kumwekea. Mahindi yapo shambani, ndiyo, lakini yeye haingii peke yake, anaogopa. Naomba mtume mtu."

Inspekta aliikumbuka ile chupa moja iliyotengwa kwenye jokofu. Fundi Kamba alidanganya kwa chupa zote, lakini kila mara aliweka moja ya kweli. Hakuweza kumwacha yule jike nje ya hesabu.

Mkuu wa kituo alisoma maelezo, akayasoma tena, akatia saini. Asubuhi iliyofuata mkulima alirudishiwa fimbo yake na kupelekwa shambani kwake kwa gari la polisi, safari hii kiti cha mbele. Daktari wa Kima alikuwa ameshafika. Alikuwa amekesha na macho yalisema hivyo. Alimwambia Inspekta kwamba ataikabili kamati yeye mwenyewe na kuieleza kila kitu, chupa za uongo na kaburi la pembeni mwa shamba. Hana hakika watamsikiliza. Ana jambo moja tu la kuwaonyesha.

"Yule jike ndiye pekee duniani mwenye urithi ule," alisema. "Akifa yeye, mama zake wote wanakufa, hadi wa kwanza. Akiletewa dume akazaa binti mmoja, wanaendelea."

"Nikiulizwa, nimwandike nani aliyefanya kosa?" aliuliza Inspekta.

Daktari alifikiri. "Niandike mimi. Nilipewa majibu mazuri nikaacha kuuliza."

Mjane alikuja wa mwisho, na sajenti nyuma yake. Inspekta alikuwa amekwenda kwake jana yake jioni kumweleza, neno kwa neno, na mara mbili, kwa sababu safari hii aliyetaka irudiwe alikuwa yeye mjane. Alisimama mwanzo wa shamba, mbali na kaka yake, mikono imefungwa kifuani. Hakumsalimu. Mkulima naye hakujaribu. Alivunja hindi moja, akalimenya, akachechemea hadi kwenye jiwe, akaliweka na kurudi nyuma.

Walingoja. Lori lilipita barabarani, kisha jingine. Chini ya miti vilima vidogo vya udongo vilikuwa vimeanza kuota majani.

Alishuka bila kelele. Alikuwa mdogo kuliko Inspekta alivyomfikiria, amekonda, mkia umepinda katikati kama kidole kilichovunjika kikaunga vibaya. Alitazama kila mtu. Kisha akatazama juu kwenye miti nyuma yake, kama wanyama wa kundi wanavyofanya kuhakikisha wenzao wapo, akangoja kidogo, na alipoona hakuna anayefuata akalichukua hindi.

Daktari alipiga magoti pale majanini muda mrefu baada ya yule kima kuhama hatua chache. Aliokota alichokuwa anakingoja kwa kijiti, akakitia kwenye chupa yenye spiriti, akaandika mahali na siku, akampa Inspekta kalamu atie saini kwamba ameona kikiokotwa hapo. Inspekta alitia.

Ndipo mjane alipotembea. Alikuja moja kwa moja kati ya mistari ya mahindi, akasimama mbele ya kaka yake.

"Ungekubali kunyongwa," alisema. "Na mimi ningekuja kukutazama, nikatema mate."

"Nilimwahidi."

"Alikuwa mume wangu. Nawe ni ndugu yangu. Mkakaa wawili mkaona mimi siwezi kutunza siri ya nyani."

"Kima," alisema mkulima, kwa sauti ndogo.

Mjane alimtazama kwa hasira ya kweli. Kisha akavunja hindi mwenyewe, akalimenya kwa haraka, majani yakianguka miguuni mwake, akaenda nalo jiweni. Yule jike aliruka hadi kwenye tawi la chini, akakaa huko, akimtazama. Mjane hakurudi nyuma. Alisimama pale pale, mkono umenyooka, na machozi ambayo Inspekta alikuwa ameyangoja sebuleni yalimshuka sasa, mengi, bila sauti, hadi mabega yakatikisika. Mkono haukutikisika. Baadaye sana kima alishuka, akalichukua hindi kwenye kiganja chake na kukaa karibu na miguu yake akila.

Mjane alijifuta uso kwa kitambaa cha kichwani.

"Kesho nitakuja mimi," alimwambia kaka yake, bila kumgeukia. "Wewe mguu wako mbovu."